Kona ya Stoo

"Hukwenda Kipatimu wewe," alisema Leonadi, akaigeuza kompyuta ili Shamimu ajionee mwenyewe. "Ulikaa kivulini ukanywa chai, ukaniletea vipimo vya nyumba yako."

Kwenye kioo kulikuwa na ramani mbili, bega kwa bega. Moja ilikuwa ya mteja aitwaye Batuli, wa Kipatimu, aliyetaka kuvunja ukuta wa mbele afungue duka la vitenge. Nyingine ilikuwa ya nyumba ya Shamimu hapa Masoko, aliyoichora mwaka jana alipokuwa akijifunza programu. Eneo la kila chumba lilijiandika katikati. Sebule ya Batuli, mita za mraba 16.38. Sebule ya Shamimu, 16.38. Chumba kikubwa, 12.42 huku na 12.42 kule. Tofauti ilikuwa moja tu: ya Batuli ilitazama upande wa pili, kulia kukawa kushoto.

"Umeigeuza, ukadhani mimi kipofu. Na hii je?" Leonadi aligonga kioo kwa kalamu. Stoo zote mbili zilikuwa zimemegwa kona moja, sentimita arobaini kwa arobaini.

Shamimu aliinama akakisogelea kioo. Kona ile aliijua vizuri mno. Mumewe, Fakihi, alipokuwa akichimba msingi alikutana na jiwe la matumbawe. Alilipiga nyundo siku tatu, jiwe likakataa katakata. Mwishowe akaupindisha ukuta wa stoo, akalizunguka. Jiwe liko pale nje mpaka leo, kuku hulala juu yake.

"Nilikwenda, bosi. Batuli alikuwa shamba, jirani yake ndiye aliyenifungulia. Mvua ilikuwa inanyesha, nikapima haraka haraka."

"Picha?"

"Simu iliisha chaji."

Leonadi aliguna. "Kesho jioni uniletee picha, futi ikiwa imelazwa ukutani. Bila hivyo, keshokutwa usihangaike kuja."

Kazi ile Shamimu aliianzia kwenye kufagia ofisi. Miaka sita alifagia huku akichungulia vijana wanavyochora, mpaka siku moja akaachiwa kiti. Kuipoteza kwa kosa lake kungemuuma. Kuipoteza kwa kusingiziwa uongo kungemmaliza.

Alifungua faili jipya, tupu, akiamini programu imebeba vipimo vya zamani. Akaingiza namba upya kutoka kwenye daftari lake lililoloa, ukuta baada ya ukuta. 16.38. 12.42. Kona ikamegeka palepale. Basi labda mkono ndio uliomsaliti, ukaandika ulichokizoea badala ya alichokiona. Wazo hilo lilimtia hofu kuliko Leonadi na vitisho vyake.

Nyumbani alimkuta Fakihi anapepeta mchele. Ilikuwa zamu yake ya kuwepo: siku nne nyumbani, siku nne barabarani na lori, wala hajawahi kuzidisha hata moja. Majirani walimwonea wivu Shamimu kwa kuwa na mume mwenye ratiba.

"Mbona umenyong'onyea, mke wangu?"

"Kazi tu. Wanasema nimekosea vipimo."

"Wewe? Mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha kushika futi!" Akacheka, akaendelea na mchele wake. Shamimu aliona haya kumweleza zaidi, na asubuhi aliondoka kama anayekwenda ofisini.

Alishuka basi kituo cha Njia Nne, akapanda bodaboda ya Kipatimu. Barabara ilikuwa matope na mashimo, na njia nzima aliomba nyumba ile iwe kama alivyoiandika. Safari hii mwenye nyumba alikuwepo. Batuli alikuwa mdogo kwake kwa miaka kama kumi hivi, mchangamfu, viganja vimejaa hina.

"Shikamoo, dada. Karibu, samahani kwa siku ile."

"Marahaba. Naomba nipime tena, nina shida kidogo ofisini."

Batuli mwenyewe alimshikia ncha ya futi. Sebule ilikuwa mita nne na ishirini kwa tatu na tisini, kamili. Chumba kikubwa kamili. Shamimu alipiga picha kila ukuta. Mwisho waliingia stoo, wakahamisha magunia ya mpunga, na kona ikajitokeza: arobaini kwa arobaini. Alitaka kupiga vigelegele. Hakukosea hata sentimita moja. Kazi yake imepona, na Leonadi atamwomba radhi mbele ya ofisi nzima.

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Nawe kumbe una jiwe lako! Liko upande wa nje?"

"Jiwe?" Batuli alishangaa. "Huku udongo mtupu, dada, tangu juu mpaka chini ya msingi. Hata mie nilimuuliza mume wangu, kona hii waikatia nini, yanipunguzia nafasi. Akaniambia stoo ya mke mkubwa kule Masoko imekatwa hivi hivi, naye hawezi kunipa mimi zaidi ya mwenzangu."