Saa Tatu za Benchi

"Nihamisheni, nifuteni kazi, lakini faili la marehemu msilifungue," alisema muuguzi Sidi.

Nusra akamgeukia babake. "Umesikia, baba? Mwenye hatia hafichiki."

Haji alizitazama kandambili zake, moja imeshikizwa kwa waya, juu ya vigae vya ofisi ya zahanati. Mtu asiye na elimu akiingia kwa wakubwa, hata kukohoa huona kama anahitaji kibali.

Kwa miaka mitatu kijiji kizima cha Bodo kilikuwa kimemsikia: alimleta mkewe, Mwanafatuma, saa saba mchana, wakaketi kwenye benchi saa tatu nzima, mgonjwa anatoka jasho, muuguzi hatokei. Jua halijatua, Mwanafatuma akafa. "Wenye vyeo wana madaktari wao," husema. "Sisi tumejengewa benchi." Tangu msiba ule hakugusa tena bao, wala hakukaa barazani na wenzake. Watu wakasema, yule bwana alimpenda mkewe kikweli.

Lakini malalamiko hakuyapeleka yeye. Ni Nusra, aliyekuja kutoka Majoreni alikoolewa, akakuta kikaratasi cha mapokezi kwenye sanduku, kimefungwa ndani ya kanga ya mamake. Kompyuta imeandika saa saba na dakika ishirini. Kadi ya matibabu, kwa mkono wa Sidi, imeandikwa saa kumi na dakika ishirini na tano. Nusra akapeleka barua kwa wakubwa wa afya, Kwale.

"Tuwaache, mwanangu," babake alimsihi. "Wale hawashindiki."

Hakumsikiliza. Na leo Kwale imemleta fundi wa kompyuta, Rispah, pamoja na barua: ikithibitika, Sidi hana kazi.

Rispah alifungua dirisha jeusi lisilo na picha, akaandika neno moja, akasoma majibu, akaguna.

"Mzee, hii mashine haijawahi kuwa Kenya. Tangu iwekwe hapa inahesabu saa za Greenwich, saa tatu nyuma yetu. Na hakuna aliyejali, kila mtu anaangalia simu yake."

"Itatengenezeka?" aliuliza Nusra.

"Mstari mmoja tu." Vidole vikakimbia: timedatectl set-timezone Africa/Nairobi.

"Hata jua la Bodo lazima liombe ruhusa Nairobi," Haji alinung'unika, akiutupia jicho mlango.

Saa iliyo pembeni mwa skrini ikaruka mbele. Rispah akaitafuta siku ile, akaigeuza skrini wote waone jina la Mwanafatuma. Ile saa saba na dakika ishirini sasa ilisomeka saa kumi na dakika ishirini.

"Dakika tano," alisema Rispah. "Muuguzi alimfikia mgonjwa kwa dakika tano."

Haji aliinama hata kidevu kikagusa kifua.

"Ulichanganyikiwa, baba," Nusra alimwambia taratibu. "Msiba humpotezea mtu saa." Kisha akapiga magoti mbele ya muuguzi. "Dada Sidi, nimekuchafulia jina. Nisamehe, kwa ajili ya Mungu."

"Inuka, mdogo wangu. Yamepita." Sidi alimwinua, kisha akasimama katikati ya Nusra na skrini. "Rispah, tafadhali, izime sasa. Yametosha."

"Mbona unaificha?" Nusra aliuliza. "Kazi yako imesalimika."

"Naam. Basi tuyaache hapo."

"Twende zetu, mwanangu," Haji alidakia, akamshika mkono. "Adhuhuri inatupita."

"Ngoja, baba. Hii ni siku ya mwisho ya mamangu. Niacheni niisome."

Sidi alimtazama Haji, kama mtu anayeomba radhi, akasogea pembeni.

Nusra akaisogelea skrini, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno: "Mgonjwa ameletwa na Chengo, wa bodaboda. Hakufuatana na jamaa yeyote. Anaomba mumewe aitwe. Mume amepigiwa simu mara tisa. Mara ya tisa amepokea: yuko kwenye bao, akimaliza atakuja."