Ofisi Mpya ya Heche

"Heche, kwa vile upo tu, njoo unishikie huyu ndama," mama yake alisema, akisukuma mlango.

Heche alikuwa kwenye kikao kwa kompyuta. Bosi wake, Honoratha, na wafanyakazi wenzake walioko Dar es Salaam walimwona mama mwenye kamba mkononi akiinama mbele ya kamera.

"Hamjambo wanangu? Namchukua kidogo."

Ndivyo ilivyokuwa tangu kampuni iwaruhusu kufanyia kazi nyumbani, naye akarudi kijijini kwao Nyarero. Majirani walimwona kijana aliyeshindwa mjini. Huyu alimtuma mashineni kusaga, yule alimwachia mtoto. Ripoti akaziandika usiku, huku mkewe Neema, nesi, akilalamika kwamba siku hizi anaujua mgongo wa mumewe kuliko uso.

"Kazi zako zinachelewa," Honoratha alimwonya. "Tukifika mwisho wa mwezi hivi, tutaachana."

Jumatatu iliyofuata Heche alitangaza kuwa amepata ofisi. Alivaa tai, akamwamkia mama yake, akapanda bodaboda iliyoelekea mjini Tarime.

"Sasa mwanangu ana kazi," mama aliwaambia majirani, vumbi likiwa bado halijatulia.

Ofisi ilikuwa tulivu ajabu. Hakuna aliyepiga hodi wala kumtuma popote. Ripoti zilianza kufika kabla ya wakati. Jioni Heche alirudi kwa mkewe akiwa na nguvu za kupiga soga, na mama yake alimwekea maji ya kuoga, maana mtu wa ofisi huchoka.

Ijumaa moja, Honoratha alimpongeza mbele ya wote. Heche, vipokea sauti masikioni, alishukuru kwa Kiingereza kirefu, kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi. Ndipo simu ilipotetemeka.

"Heche, rudi haraka!" Mama yake alikuwa akihema. "Kuna mwizi chumbani kwako! Nimemsikia anaongea Kiingereza!"

Heche alizima kipaza sauti cha kompyuta. "Wako wapi watu?"

"Wamejaa! Wengine mlangoni, wengine dirishani, na marungu. Wanataka kuvunja."

"Msivunje! Nisubirini, nakuja."

"Mbona unanong'ona?"

"Niko kwenye kikao, mama."

Alikata simu, akafunga kompyuta polepole, akalitupia jicho dirisha aliloingilia asubuhi, akatambaa mpaka chini ya kitanda chake, akaanza kufikiria atakavyofika nyumbani.