Galoni Mbili kwa Siku

Fundi Armand Gauthier aliteleza kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akadaka kitasa, akanusurika. Theluji yote ya mji wa Woonsocket ilikuwa nyeupe asubuhi ile ya Februari. Barafu ya ngazi ile ilikuwa na rangi ya chai.

"Ingia, fundi. Boila imekunywa maji tena," alisema Normand Lachapelle badala ya salamu.

Boila ya mvuke, ya kupasha nyumba joto, ilikaa katika chumba cha chini ya nyumba. Normand, aliyestaafu mwaka jana baada ya kukagua nyuzi katika kiwanda cha nguo miaka thelathini na minane, sasa alikuwa anaikagua boila. Kila alfajiri, kabla ya kuiwasha, alisoma kimo cha maji kwenye kioo cha pembeni, akabandika utepe mwekundu, akaandika. Mvuke hupanda, hupasha rediata za vyumbani, hugeuka maji, hurudi. Kila siku galoni mbili hazikurudi.

"Rediata umezikagua?"

"Nimeweka kioo cha kunyolea mbele ya kila tundu la hewa. Hakuna ukungu hata wa kuandikia jina."

"Bomba la moshi?"

"Nimelitazama kwa darubini. Mke wangu alinitolea kiti uani na blanketi. Halitoi mvuke. Limebaki bomba la kurudishia maji, lililozikwa chini ya zege. Jumatatu wanakuja na nyundo za umeme."

Armand hakupenda neno hilo. Boila yake mwenyewe, mtaa wa pili, nayo ilikuwa imeanza kunywa tangu yeye naye alipostaafu mwezi Novemba, jambo ambalo fundi wa mvuke hamwambii mtu. Nyumba zao zilijengwa mwaka mmoja. Zege la Normand likivunjwa, lake ndilo linalofuata.

Akapiga magoti. Shaba yote mle chini ilikuwa imefifia, isipokuwa kishikio cha koki ya kutolea maji. Kile kiling'aa.

"Hii huwa unaifungua?"

"Jumapili tu, kutoa kutu. Ndoo moja. Imeandikwa."

Armand akapanda jikoni peke yake. Jeannette Lachapelle alikuwa anakoroga supu ya njegere.

"Shemeji," alisema Armand, "ndoo yako ya deki ni ya plastiki. Imepataje kutu?"

Jeannette akausukuma mlango wa ngazi kwa kisigino mpaka ukajifunga.

"Alipostaafu alihamia jikoni kwangu," alinong'ona. "Alipima chumvi kwa mizani. Alipanga vijiko kwa urefu. Yai alilipima kwa saa, na mimi nimepika mayai tangu sijamjua! Siku moja nikakosa maji ya moto ya deki, nikakinga ndoo kwenye boila. Kesho yake mzee alishuka chini, akakuta maji yamepungua, hakuonekana mpaka chakula cha mchana. Armand, niliweza kusikia saa ya ukutani."

"Tangu hapo?"

"Kila siku, akienda misa. Nakinga ndoo, namwaga mlango wa nyuma."

"Na sakafu itakayovunjwa Jumatatu?"

"Ndiyo maana nakwambia! Iokoe sakafu. Lakini usinirudishie mzee."

Armand alifikiri kwa muda wa kijiko kimoja cha supu, akashuka.

"Bomba ni zima," alimwambia Normand. "Usivunje kitu. Ila kwa boila ya umri huu kipimo kimoja hakitoshi. Ipime asubuhi na jioni."

"Mara mbili!" Uso wa Normand ulichangamka. "Mpaka lini?"

"Mpaka baridi iishe. Halafu tunaanza tena Oktoba."

Jeannette alimsindikiza kwa pai nzima ya nyama, bado yenye joto.

Armand alicheka njia nzima. Mtu kakagua nyuzi maisha yake yote, anachezewa kwa ndoo ya deki! Alikuwa na hamu ya kumsimulia mkewe, Lorraine, ambaye asubuhi alimfungia skafu kwa mikono yake na kumwambia asiharakishe.

Nyumbani kwake akapita mlango wa nyuma. Mguu wake wa kulia ukaenda, wa kushoto ukaufuata, akajikuta amekaa chini, pai salama mapajani.

"Armand?" Lorraine aliita kutoka ndani, huku kitu cha plastiki kikibiringika sakafuni. "Mbona mapema hivi?"

Armand alikuwa anatazama barafu aliyoikalia. Ilikuwa na rangi ya chai.