Keki ya Mfungo

Padri alikuwa kwenye kipande cha tatu cha keki Desanka alipoona karatasi ya siagi imelala sakafuni.

Ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, tena ndani ya mfungo: maziwa marufuku, siagi marufuku. Naye Desanka alipopanga biskuti tabaka kwa tabaka, keki isiyoona moto, mkono wake kwa mazoea ulizipaka siagi nyingi hata ng'ombe mwenyewe angeona haya.

"Wewe, umemlisha padri siagi?" mama mkwe alinong'ona. "Watatucheka hata waliozikwa."

Desanka akaikanyaga karatasi. "Baba, hiyo keki..."

Padri alilamba kidole gumba, kisha cha shahada, taratibu.

"Mwanangu, miaka arobaini nalishwa keki za mfungo. Ladha yake naijua." Akasogeza sahani. "Hebu niongezee, halafu ndipo uungame."