Salamu ya Jovina

Umewahi kuandaa nyumba kwa ajili ya mgeni anayekuja kutazama miguu ya mtoto tu?

Bibi Immaculata alianza alfajiri. Alifagia uwanja wake pale Kiseke, akapiga deki sebule, akabandika chai. Akatoa sandukuni vitambaa vyake vya kufuma, vimepigwa wanga tangu Pasaka, akatandika kila kiti. Hata kigoda cha mjukuu wake, Jovina, alikitandika kitambaa cha waridi, akamnyanyua mtoto na kumweka juu yake.

"Leo na wewe umekalia kiti cha enzi."

Jovina alikuwa na miaka tisa na hakuwahi kukanyaga darasa la kwanza. Miguu yake ilipoteza nguvu tangu homa ya utotoni. Miaka yote bibi alimbeba mgongoni kwenda kanisani na hospitali, lakini mvua za El Nino zilipokatika, mgongo nao ukakataa. Shule iko juu huko, nyuma ya majabali. Bila kiti cha magurudumu, haendi.

Kiwanda alichofanyia kazi Venant, baba wa mtoto, kilikuwa kimenunuliwa na tajiri mpya, na tajiri akaja na bima yake. Venant alijaza fomu tatu za kuomba kiti, akapeleka picha mbili, akangoja miezi saba. Sasa bima inaleta mkaguzi. Atakachoandika yeye, ndicho hicho.

"Mgeni akiwapo, mtoto hadakii maneno," bibi alimkumbusha Jovina. "Asipokuuliza, nyamaza. Na umsalimie vizuri."

"Ndiyo, bibi."

Saa nne mkaguzi akabisha hodi. Luhende, mtu wa Magu, faili kwapani, jasho shingoni. Aliinama mlangoni kuvua viatu. Bibi akageuka kuchukua kisahani cha kahawa ya kutafuna iliyotoka Bukoba.

Alipogeuka tena, Jovina alikuwa sakafuni, magoti yote mawili chini, kichwa kimeinama.

"Shikamoo, baba."

Luhende aliduwaa, kiatu kimoja mkononi. "Marahaba, mwanangu. Marahaba kabisa." Akamtazama bibi. "Mama, watoto wa siku hizi wanakusalimia huku wanatafuna muwa. Huyu kafundishwa na nani?"

Bibi hakuwahi kumwona Jovina akipiga magoti. Siku zote alimwambia salamu ya kigodani inatosha. Moyo ulimjaa fahari.

"Na mimi mwenyewe, baba. Kwetu Kagera binti hasalimii mkubwa akiwa amekaa."

"Na ameshuka mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nani kamgusa?"

Luhende akaandika. Akatafuna kahawa, akaandika tena, ukurasa mzima. Jovina alibaki pale pale magotini. Mara moja aliinua uso kama mwenye neno. Bibi akamkazia jicho, uso ukarudi chini. Mgeni hakumuuliza kitu.

"Nimeona nilichotumwa kuona," alisema akivaa viatu. "Hongera kwa malezi, mama."

Alipoondoka, bibi alimrudisha mtoto kigodani, akaokota kitambaa cha waridi sakafuni, akakikung'uta. Goti moja lilikuwa limechubuka. Akalipaka mafuta, huku akiimba wimbo wa kwao.

Wiki sita baadaye Venant alirudi na barua. Aliisoma amesimama, hata kofia hakuvua.

"Mkaguzi alimkuta mtoto amepiga magoti. Alishuka kitini bila kusaidiwa, na mlezi amethibitisha kuwa ndivyo alivyomfundisha. Magoti yanafanya kazi. Kiti hakitatolewa. Uamuzi huu ni wa mwisho."

Akaikunja, akaiweka mezani, akatoka nje.

Bibi Immaculata alikaa mkekani, mkono shavuni. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, na muhuri umepigwa juu yake. Aende wapi akayafute? Alipoinua macho, Jovina alikuwa anamtazama.

"Mama yangu, mbona unanitazama hivyo? Una neno? Sema."

Jovina aliangalia mlangoni kwanza, kama vile mgeni bado yupo.

"Sikupiga magoti, bibi. Kitambaa kiliteleza, nikaanguka. Nilikuwa nataka uniinue."