Waraka wa Drooni

Jumanne, tarehe nne Juni, manyunyu yalianza alfajiri. Anzazi aliingia duka la dawa na mimba ya miezi saba.

"Vile vidonge vya uzazi wa mpango tumechelewa, dada," alitania. "Nipe vya kuongeza damu."

Wateja walicheka. Perusi, muuzaji, alishindwa kucheka. Oktoba iliyopita yeye ndiye alimwambia Anzazi kuwa bima hailipii vidonge vile vya kupanga uzazi, naye Anzazi hakuwa na hela ya kununua. Waraka wa bima ulioruhusu vilipiwe, Perusi alikuwa ameuficha drooni, akiona kuvitoa ni dhambi.

Sasa akautoa, akaubandika kwenye kioo cha kaunta. Anzazi akaweka kidole kwenye tarehe.

"Septemba," alisoma. "Mimi nilikuja Oktoba."

"Nilikudanganya. Naahidi mbele ya hawa wote, mwenye kadi ya bima sitamrudisha tena."

Anzazi hakuondoa kidole.