Kesi ya Peniel Mtoro

Peniel alieleza kwamba Jumanne alikuwa msibani, akimzika bibi yake. Darasa zima lingemwamini, ila bibi mwenyewe alikuwa amekaa dawati la mbele, akichonga penseli.

Peniel hakuwa amemwona. Aliingia kichwa chini, akasimama mbele ya ubao, akajieleza huku akitazama viatu vyake.

"Endelea, mjukuu wangu," Bibi Asnath alisema. "Nilizikwa saa ngapi?"

"Saa nane mchana, bibi," Peniel akajibu kwa adabu. Kisha akainua macho, akaushika ubao asianguke.

Mambo yalikuwa yameenda hivi. Kwenye kituo cha elimu ya watu wazima, nje kidogo ya Iguguno, kuna darasa moja la watu ambao shule iliwapita utotoni: wakulima wa alizeti, akina mama wauza vitunguu, wafugaji wawili. Jumanne habari za msiba zilipowafikia, walichangishana rambirambi, kilo kumi za unga na jogoo mmoja. Jumatano asubuhi kiranja wao, Mzee Melkizedeki, aliupeleka mchango huo kwa baiskeli hadi nyumbani kwa wafiwa.

Alipokelewa na marehemu.

Bibi Asnath alikuwa uani akipepeta alizeti. Alimpa mgeni kigoda, akampa pole ya safari, akamwuliza kwa huruma ni nani amekufa. Alipoelezwa, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akataka kujua darasa hilo linaanza saa ngapi, na mchana ule ule akaenda kujiandikisha. Alizikwa Jumanne, akaanza shule Jumatano. Unga aliurudisha. Jogoo alibaki naye.

Peniel hakuyajua hayo, maana Jumatano pia hakutokea.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na Mzee Melkizedeki alikuwa ameshika daftari la mahudhurio. Kanuni zilibandikwa ukutani. Darasa lilizitunga lenyewe mwezi wa pili, kila mmoja akaweka saini au dole gumba, na saini ya Peniel ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Kanuni ya tatu haikubagua mtu: atakayekosa mara tano bila ruhusa, jina lake litapelekwa kwa mratibu wa elimu wa kata, na nafasi yake apewe mwingine.

Peniel alikuwa na miaka ishirini na miwili, mdogo kuliko wote mle ndani. Nafasi ile aliihangaikia mwaka mzima. Akiipoteza, angerudi kubeba magunia ya mashudu kwenye mashine ya kukamua mafuta, na mgongo wake ulikuwa bado haujaisahau kazi hiyo.

Mzee Melkizedeki alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kwa sababu kusoma kwenyewe alikuzoea Pasaka iliyopita tu. Mara ya kwanza, malaria. Mara ya pili, malaria. Mara ya tatu pikipiki iliharibika njiani, ingawa Peniel hana pikipiki na anaishi ng'ambo ya barabara. Mara ya nne, mazishi. Mara ya tano, mazishi yale yale. Zote zilikuwa Jumanne au Jumatano, siku za hesabu.

Dorkas, muuza vitunguu, alisema yeye hana ubaya na mtu, lakini siku Peniel akikosa, wote wanarudi nyumbani kama walivyokuja. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mfugaji mmoja akaongeza kwamba ng'ombe wake wana mahudhurio mazuri zaidi, na hawajawahi kuua ndugu.

"Sema ukweli, mwanangu," Mzee Melkizedeki alisema. "Siku za hesabu kuna nini?"

Peniel alirudi kutazama viatu vyake.

"Sehemu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nusu jumlisha theluthi. Siziwezi. Tangu darasa la tano siziwezi. Nikiziona, tumbo linauma kweli. Ile malaria haikuwa uongo sana."

Hakuna aliyecheka. Dorkas aliangalia dirishani, maana hata yeye nusu jumlisha theluthi ilikuwa haijawahi kumpa usingizi mzuri. Mfugaji aliyesifia ng'ombe wake alijikuna shingo.

Bibi Asnath aliweka penseli chini. Alisema kwa miaka arobaini amegawa kuku mmoja kwa watu kumi na mmoja na hakuna aliyewahi kununa, kwa hiyo sehemu hazimtishi. Mjukuu wake atakuja kwake kila Jumatatu jioni, amwelekeze mpaka zimwingie. Jogoo wa kujifunzia yupo.

Wakapiga kura. Mikono yote iliinuka kumsamehe, ya Bibi Asnath miwili. Mzee Melkizedeki akaazima kifutio, akaifuta ile mara ya tano mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

"Zimebaki nne," alisema. "Ukikosa tena, tunamwita mama yako."

Peniel aliitikia kwamba ameelewa. Alijifuta machozi kwa mkono wa shati, akaokota chaki, akageukia ubao na kuandika tarehe.

Nyuma yake madawati yakagongana. Darasa zima lilikuwa limesimama wima, mikono imenyooka ubavuni, na Bibi Asnath ndiye aliyeanzisha kwa sauti kuliko wote:

"Shikamoo, mwalimu."